del Haifuti Kitu: Hadithi ya Vita vya Majina Kwa Python

Wasee, wacha niseme kitu moja halafu niitetee mpaka mwisho wa hii posti: kwa Python, `del` haifuti kitu. Inafuta jina. Kama hujui tofauti ya hizo mbili, kuna siku laptop yako ya RAM 4GB itaganda ukiwa katikati ya kazi ya mteja, na utabaki ukilaumu stima.

Najua video ziko huko nje zinasema "tumia del kutoa variabo kwa memori." Ziko na picha safi, ziko na muziki, na bado zinawadanganya. Na si hizo tu. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, mhadhiri mmoja alituambia mambo ya majina yanaonekana wapi na hayaonekani wapi ni ya kukariri tu, yatakuja kwa mtihani. Tukakariri. Hakuna mtu alitwambia kwamba kila moja ya hizo sheria iliandikwa na mtu, kwa mwaka unaojulikana, baada ya watu kubishana kwa barua pepe wiki nzima, na kwamba zingine zilibadilishwa juu zilikuwa mbaya. Hiyo ndiyo hadithi nataka kuwapea leo. Na nikisema "kodi" hapa namaanisha ile ya kompyuta, si ile ya KRA, kwa hivyo mshushe presha.

Tuanze na jina lenyewe. Mara nyingi tunafundishwa variabo ni kama debe: unaandika `x = 5`, unaweka 5 ndani ya debe. Kwa lugha kama C hiyo picha iko sawa, juu huko `x` ni sehemu halisi ya memori. Kwa Python inakupotosha kabisa. Kwa Python kitu kiko mahali pake, na jina ni kama namba umesevu kwa simu. Wewe umemsevu "Brayo Fundi", mamake amemsevu "Brian", chali wake wa mtaa amemsevu "Bee". Simu tatu, majina matatu, mtu mmoja. Ukifuta "Brayo Fundi" kwa simu yako, Brian hajafa. Ako tu Umoja anakunywa chai.

```
kikundi = ["Achieng", "Mutua", "Zawadi"]
chama = kikundi
del kikundi
print(chama)
```

Hiyo listi inachapishwa vizuri, watu wote watatu. `del kikundi` imetoa jina `kikundi`, na ukiliita tena unapewa NameError. Listi yenyewe haijaguswa hata kidogo, juu `chama` bado inaijua.

Hii tabia ilitoka wapi? Rudi Desemba 1989, Amsterdam. Kuna jamaa Mholanzi anaitwa Guido van Rossum, anafanya kazi kwa taasisi ya utafiti ya hesabu na kompyuta inaitwa CWI. Wakati wa likizo ya Krismasi anatafuta kitu cha kujishughulisha nacho, anaanza kuandika lugha mpya. Hakuanza hewani. Miaka ya mwanzo ya 80 alikuwa kwa timu iliyotengeneza lugha inaitwa ABC hapo hapo CWI, lugha ya kufundishia watu ambao si maprograma. ABC haikushika soko lakini Guido alibeba mawazo yake kadhaa, moja ikiwa kwamba mtu hafai kutangaza variabo kabla ya kuitumia. Huandiki "hii ni namba" kama kwa C. Unaipa tu thamani, basi, jina limezaliwa. Februari 1991 akaachilia toleo la kwanza, 0.9.0, kwa intaneti ya wakati huo. Jina Python lilitoka kwa kipindi cha vichekesho cha Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Nyoka zilikuja baadaye.

Sasa sikiza, uamuzi wa kutotangaza majina unaonekana mdogo. Ndio ulizaa karibu kila ugomvi utasikia kutoka hapa. Kwa sababu kama hakuna mahali umesema "hili jina ni la hapa", lugha lazima ikisie.

Python ya Guido ilikisia hivi: kuna ngazi tatu. Fikiria nyumba, ploti na nchi. Ndani ya nyumba yenu ukisema "Baba" kila mtu anajua ni nani, na nyumba ya pili wako na Baba wao, hakuna mtu anachanganyikiwa. Hayo ni majina ya ndani ya fankshoni. Kwa ploti mzima kuna "keya", mmoja, kila nyumba inamjua. Hayo ni majina ya faili nzima, yale tunaita ya global. Halafu kuna "Rais", anajulikana nchi nzima bila mtu kuelezwa. Hayo ndiyo akina `print`, `len` na `list`, yanakuja na Python yenyewe. Ukiitisha jina, Python inatafuta nyumbani, ikikosa inaenda ploti, ikikosa inaenda nchi, ikikosa huko inakupea NameError.

Na ndiyo maana ukiita mbwa wako Rais, ukiwa nyumbani kwako "Rais" ni mbwa. Wangapi hapa mmewahi kuandika `list = [1, 2, 3]`, halafu mistari kumi baadaye `list("abc")` inakataa na kusema listi haiwezi kuitwa? Hujaharibu `list` ya Python. Umeweka mbwa mbele yake. Na dawa ni `del list`. Jina lako linaondoka, Python inatafuta tena, inafika hadi nchi, inapata Rais halisi. Hapo ndipo `del` inaanza kuonekana ni nini kwa kweli: inatoa jina kutoka ngazi moja, basi.

Kuna kitu kingine. Python haikisii mstari kwa mstari. Kabla fankshoni iendeshwe, Python inaisoma yote na kuamua ni majina gani ni ya ndani. Sheria ni rahisi: jina likipewa thamani mahali popote ndani ya fankshoni, hata mstari wa mwisho, basi ni la ndani kwa fankshoni yote. Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui: `del` pia inahesabika.

```
salio = 500
def onyesha():
    print(salio)
    del salio
onyesha()
```

Ungetarajia ichapishe 500 halafu ifute. Wapi. Inakufa kwa `print`, na UnboundLocalError. Kwa sababu kuna `del salio` hapo chini, Python imeamua `salio` ni ya ndani ya fankshoni, na ya ndani haijapewa kitu. Mstari wa chini umebadilisha maana ya mstari wa juu. Mara ya kwanza nikiona hivyo nilidhani simu imeingia virusi. Lakini kuna sababu: majina ya ndani yakijulikana mapema, Python inayapanga kwa safu na kuyaita kwa namba ya kiti, haina haja ya kutafuta kwa kamusi kila mara. Ni mbio zaidi. Hilo kosa lenyewe, UnboundLocalError, lilipewa jina lake Python 2.0 ilipotoka mwaka 2000. Kabla ya hapo ulikuwa unapewa NameError tu, ujijazie.

Sasa tuingie kwa vita ya kwanza.

Zile ngazi tatu zilikuwa na shimo moja kubwa. Ukiandika fankshoni ndani ya fankshoni, ile ya ndani haikuwa inaona majina ya ile iliyoizaa. Yaani chumba ndani ya nyumba, lakini aliyeko chumbani hamjui Baba aliyeko sebuleni. Anaruka moja kwa moja hadi kwa keya wa ploti. Kwa watu waliotoka lugha zingine hii ilikuwa aibu, juu hilo swali lilikuwa limeshajibiwa zamani.

Acha nirudi nyuma kidogo zaidi, maana hapa ndipo historia inakuwa tamu. Kuna njia mbili za kuamua jina linamaanisha nini. Njia ya kwanza inauliza: hii fankshoni iliandikwa wapi? Njia ya pili inauliza: hii fankshoni imeitwa kutoka wapi? Kikwetu ni hivi. Mtu anaishi Kayole miaka kumi, lakini ukimuuliza "nyumbani ni wapi?" anasema Siaya. Hiyo ni njia ya kwanza. Ukibeba jamaa wa Siaya umpeleke Mombasa, "nyumbani" bado ni Siaya. Njia ya pili ni kama mtu ambaye akifika Mombasa anasema nyumbani ni Mombasa, akifika Nakuru anasema Nakuru. Hujui atasema nini mpaka ujue amelala wapi jana.

ALGOL 60, lugha iliyoandikwa na kamati ya Wazungu na Wamarekani mwaka 1960, ilichagua njia ya kwanza. LISP, ambayo John McCarthy aliianza MIT mwaka 1958, iliishia na njia ya pili, na McCarthy mwenyewe baadaye aliandika kwamba aliona hilo ni kosa la kurekebishwa, hakuwa amelipanga. Mwaka 1975 Gerald Sussman na Guy Steele, hapo hapo MIT, wakatoa Scheme, mtoto wa LISP aliyerudi kwa njia ya kwanza, na ikaonekana wazi kwamba fankshoni ikikumbuka mahali ilizaliwa unaweza kufanya nayo mambo mengi sana. Tangu hapo lugha nyingi zinakuuliza nyumbani ni wapi, hazijali uko wapi.

Python ilikuwa upande wa ALGOL, lakini nusu. Ilikumbuka ploti, ikasahau nyumba. Mwaka 1994 Python 1.0 ikaleta `lambda`, zile fankshoni ndogo za mstari mmoja, na hapo shimo likaonekana na kila mtu, maana `lambda` karibu kila mara unaiandika ndani ya fankshoni nyingine. Watu wakaanza kufanya ujanja:

```
def duka(bei):
    return lambda idadi, bei=bei: bei * idadi
```

Umeona `bei=bei`? Hiyo ni kumpakia mtoto majina kwa begi kabla hajatoka sebuleni. Inafanya kazi, lakini mtu akiita hiyo fankshoni na namba mbili kwa makosa, bei inabadilika kimya kimya. Fikiria hiyo kwa duka yenye pesa ya watu.

Novemba 2000 Jeremy Hylton akaandika pendekezo rasmi. Hizi hati za mapendekezo ya Python zinaitwa PEP, kila moja iko na namba, na ziko wazi kwa intaneti, mtu yeyote anaweza kusoma. Hii ilikuwa PEP 227. Ilisema: tuongeze ngazi ya katikati, fankshoni ya ndani ione majina ya ile inayoizunguka. Kwa hivyo tuko na nne: ndani, inayozunguka, global, na za Python yenyewe. Hizo nne ndizo mlikariri.

Shida ni kwamba kodi ya watu ilikuwa tayari inafanya kazi. Kama ulikuwa na fankshoni ya ndani inayotumia jina `data`, ikimaanisha `data` ya ploti, na ile ya nje pia ilikuwa na `data` yake, basi kesho asubuhi baada ya kuweka toleo jipya, kodi yako inasoma `data` tofauti. Hakuna kosa linaonyeshwa. Majibu tu ni mengine. Hiyo ndiyo aina mbaya kabisa ya kuharibika.

Suluhu ilikuwa moja ya vitu napenda sana kwa historia ya Python. Tim Peters akaandika PEP 236: ukitaka tabia mpya mapema, andika juu ya faili yako `from __future__ import nested_scopes`. Yaani unaagiza kitu kutoka siku za usoni. Kwa Python 2.1, Aprili 2001, ilikuwa ya hiari. Kwa 2.2, Desemba mwaka huo huo, ikawa lazima kwa kila mtu. Hizi ngazi za majina ndizo zilikuwa kitu cha kwanza kabisa kupitia huo mlango wa `__future__`. Watu wakapewa miezi minane ya kujipanga. Serikali yetu ingejifunza kitu hapo, lakini tuendelee.

Basi mtoto wa chumbani akaweza kumwona Baba. Lakini hakuweza kumbadilisha. Ukisema `hesabu = hesabu + 1` ndani ya fankshoni ya ndani, ile sheria ya kukisia inarudi: umeipa thamani, kwa hivyo ni ya ndani, kwa hivyo haina kitu, kwa hivyo kosa. Neno `global` lilikuwepo, lakini linakutupa hadi ploti, linaruka sebule. Kwa miaka saba hivi, watu walikuwa wanafunga namba ndani ya listi, `hesabu = [0]`, halafu `hesabu[0] += 1`, juu hapo haubadilishi jina, unabadilisha kilicho ndani ya listi. Ni kama kukatazwa kuhamisha kabati lakini unaruhusiwa kupanga nguo ndani.

Oktoba 2006 Ka-Ping Yee akaandika PEP 3104, na humo ndipo neno `nonlocal` lilitoka. Kulikuwa na mawazo mengine mezani, kama kutumia neno `outer`. Mimi naona `nonlocal` ni neno baya, halina ladha, lakini liko na faida moja kubwa: karibu hakuna mtu alikuwa amelitumia kama jina kwa kodi yake, kwa hivyo kulifanya neno maalum hakungevunja nyumba za watu. Likaingia Python 3.0, tarehe 3 Desemba 2008.

Hiyo Python 3.0 ndiyo ilifanya usafi mkubwa. Watu wazima kidogo kwa hii kazi wanaikumbuka kama talaka, maana kodi ya Python 2 haikufanya kazi tena bila kurekebishwa, na Python 2 iliendelea kuvutwa hadi Januari 2020 ndipo ikaachwa. Lakini kwa upande wa majina ilileta mambo mawili ya maana.

La kwanza ni kuvuja. Python 2.0 ilikuwa imeleta zile listi za mstari mmoja, `[x for x in range(3)]`. Kwa Python 2, hiyo `x` ilikuwa inatoka nje. Kama ulikuwa na `x = 10` yako juu, baada ya hiyo listi `x` yako imekuwa 2. Hujaigusa! Python 3 ikaifungia ndani. Lupu ya kawaida ya `for` bado inavuja mpaka leo, na hiyo wameiacha makusudi, kwa hivyo usishangae `i` ikibaki na thamani baada ya lupu kuisha.

La pili ndilo linaturudisha kwa `del`. Andika hii:

```
try:
    int("mia tano")
except ValueError as kosa:
    print(kosa)
print(kosa)
```

`print` ya kwanza iko sawa. Ya pili inasema NameError, `kosa` halijulikani. Nani amelifuta? Wewe hukuandika `del`. Python imeiandika kwa niaba yako. Tangu 3.0, kila `except ... as` inaisha na `del` ya siri ya hilo jina, kama ilivyopendekezwa kwa PEP 3110 ya Collin Winter.

Kwa nini wafanye kitu ya ajabu hivyo? Ili uelewe lazima ujue vitu vinakufaje kwa Python, na hapa nitatumia mzee wetu. John Mbiti, yule msomi wa kutoka Kitui, kwa kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu akifa hajaondoka kabisa. Maadamu kuna watu waliomjua na wanamkumbuka kwa jina lake, ako bado upande wa Sasa, ni mfu aliye hai. Anapokufa yule wa mwisho aliyemjua kwa jina, ndipo anazama kwa Zamani. Alitumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, ndani ya kitabu cha Kiingereza.

Maze, hiyo ni memori ya Python, neno kwa neno. Kila kitu kiko na hesabu ya ni marejeo mangapi yanakielekea. Ukiandika `chama = kikundi`, hesabu inaongezeka moja. Ukiandika `del kikundi`, inapungua moja. Ikifika sufuri, hakuna mtu anakikumbuka tena, na hapo hapo kinaondolewa. `del` ni kusahau kwa mtu mmoja. Kifo kinatokea tu kama ulikuwa wa mwisho kukumbuka.

Lakini kuna mtego. Vitu viwili vikikumbukana vyenyewe, A anamkumbuka B na B anamkumbuka A, hata dunia yote ikiwasahau hesabu haifiki sufuri. Python 2.0 ilileta mkusanyaji taka wa kuzungukazunguka akitafuta hivyo vikundi, lakini anakuja kwa wakati wake, hapo katikati vinakaa. Sasa kwa Python 3 kila kosa linabeba historia ya mahali lilitokea, na hiyo historia inashika fankshoni nzima pamoja na majina yake yote ya ndani, na moja ya hayo majina ni `kosa` lenyewe. Kosa linakumbuka fankshoni, fankshoni inakumbuka kosa. Kila kitu kilichokuwa ndani ya hiyo fankshoni, hata faili ya mega mia, kinabaki kimeshikwa. Ndiyo maana wakaweka ile `del` ya siri, kukata kamba.

Na hiyo kamba ikakata kitu kingine bila kutarajia. Tangu enzi za ngazi za katikati, Python ilikuwa inakataza kufuta jina ambalo fankshoni ya ndani inalitumia. Hata haikukubali kuanza, ilikuwa SyntaxError. Sasa `except ... as` ikiwa na `del` ya siri, kodi halali kabisa ya Python 2.6, ambayo fankshoni ya ndani inasoma `kosa`, ilikataliwa kwa 3.1 na ujumbe kuhusu `del` ambayo mwandishi hakuandika popote. Fikiria ukijaribu kuelewa hiyo saa nane usiku. Python 3.2, Februari 2011, ikaondoa hilo katazo.

Nirudi kwa laptop ya 4GB sasa. Ukiwa kwa Jupyter umefungua jedwali kubwa la data, unaliita `df`, unaliangalia kwa kuandika `df` peke yake mwisho wa seli, halafu unaandika `del df` ukidhani umefungua nafasi. Haijafunguka. Jupyter inaweka kila jibu ilichokuonyesha kwa jina `Out`, na la mwisho kwa jina `_`. Bado kuna watu wanalikumbuka. Ni vivyo hivyo ukiwa umelipatia jina lingine, au umeliweka ndani ya listi fulani juu huko. Hakikisha umesahau kila mahali, ama tu uwashe upya.

Na kuna jambo zito zaidi. Nimeona kodi ya wasee wanaojenga vitu vya malipo, wanaandika `del pin` baada ya kuitumia, wanasema wameifuta kwa usalama. Hiyo PIN inaweza kuwa bado iko na jina lingine pahali. Na hata hesabu ikifika sufuri, Python inaachilia tu hiyo nafasi itumike tena. Haipigi deki. Herufi zinaweza kubaki hapo hadi kitu kingine kikae juu yake. Ukimwambia mteja umefuta siri yake na umefuta jina tu, hiyo ni pesa ya mtu.

Vita ya mwisho ndiyo ilimwondoa Guido. Mapema 2018 likaja pendekezo PEP 572, la alama `:=`, ya kupa jina thamani katikati ya sentensi. Maprograma waligawanyika vibaya sana. Wengi walipinga sura yake, lakini ndani kulikuwa na swali letu lile lile: ukitumia `:=` ndani ya listi ya mstari mmoja, jina likae ndani ama litoke? Waliamua litoke makusudi, liishi kwa fankshoni inayozunguka, ili ukitafuta kitu kwa listi ubaki na kile kilichopatikana. Miaka kumi baada ya kuziba mvujo, wakafungua bomba dogo kwa hiari. Guido aliikubali, na tarehe 12 Julai 2018 akaandika barua akisema amechoka kupigania pendekezo na kuona watu wengi wakichukia uamuzi wake, anaachia cheo chake cha kiongozi wa maisha. Tangu 2019 Python inaongozwa na baraza la watu 5 wa kuchaguliwa, na yeye alikuwa kwa lile la kwanza. `:=` ikatoka na Python 3.8, Oktoba 2019.

Kuna mengine, kama vile Python 3.12 ilivyovipa akina `None` na `True` uzima wa milele, hesabu yao haipandi wala haishuki, lakini hiyo nitaileta siku nyingine.

Nawaachia hii. Weka kwa simu, lakini kabla uiendeshe andika jibu lako kwanza:

```
def jaribu():
    orodha = []
    for i in range(3):
        orodha.append(lambda: i)
    del i
    return orodha[0]()

jaribu()
```

Kuna wenye watasema 0, kuna wenye watasema 2. Python ya kabla ya 2001 ingesema haijui `i`, juu ingeitafuta ploti. Kutoka 2.2 hadi 3.1 ingekataa hata kuisoma. Ya leo itaisoma vizuri, iendeshe hadi mstari wa mwisho, halafu ikupe NameError, kwa sababu zile fankshoni tatu zilishika jina `i`, hazikushika namba, na wewe umelifuta. Sasa toa ule mstari wa `del`, uendeshe tena, uniambie kwa nini zote tatu zinasema 2.